Chumvi ya Ng'ombe

Niliondoka Dar nikiwa na furaha, jambo la nadra kwangu. Mimi ni fundi, na tulikuwa tumekifungia kiwanda kimoja cha ngozi cha Moshi mtambo wa kuchuja maji machafu. Nilikwenda kuiona chumvi yake ya kwanza, kisha nipande kumsalimu shangazi.

Moshi, asubuhi. Maji yaliyolowekewa ngozi husukumwa kwa nguvu kwenye tando nyembamba. Maji hupenya, chumvi na mabaki ya dawa hukwama, hukaushwa, vikatumike tena kwenye ngozi mbichi. Zamani yote yalikwenda kwenye mfongo, mfereji unaonywesha migomba ya chini. Bwana stoo alinitembeza kwa fahari. Ngozi za ng'ombe na za mbuzi hulowekwa mbalimbali, hivyo magunia kayaandika kwa rangi nyekundu: CHUMVI YA MBUZI, CHUMVI YA NG'OMBE. Alilalamika kwamba haya ya pili yanaibwa.

Jioni, juu ya Kwa Sadala. Shangazi ni mjane, ana kihamba, shamba la migomba la ukoo, na ng'ombe mmoja tu ambaye maziwa yake ndiyo yanayomlisha. Nilimwamkia, akaitikia huku akinivuta zizini. Ng'ombe amelala, anatetemeka, na maji anayataka tu. Shangazi alikuwa amemnunulia chumvi ya kulamba gulioni, kwa bei poa. Gunia lilikuwa pale pale, na maandishi mekundu. Nililivuta mbali naye.

"Shangazi, hii ni ya ngozi."

"Si imeandikwa ya ng'ombe? Mimi nimesoma, mwanangu."

Alikuwa amesoma sawasawa.

Alfajiri ng'ombe akafa. Majirani wakaja na visu na majani ya migomba, kila mmoja akilijua fungu lake. Nikasimama mlangoni pa zizi nikawakataza, nyama ile ina sumu. Mzee mmoja aliuliza kama uchoyo nimejifunzia Dar. Ng'ombe tukamzika mzima mzima. Shangazi alisema hajawahi kuona ng'ombe akizikwa.

Wakati wa kurudi nilimtafuta mwuzaji pale gulioni Kwa Sadala. Mzigo ulikuwa umekwisha. Alisema watu wa Sanya Juu wameubeba wote. Basi la Dar nikaliacha liende. Jamani, tumehangaika na matundu ya tando yasiyoonekana kwa macho, tukasahau kwamba gunia nalo lina msomaji. Hilo ndilo nililojifunza, na nimechelewa.

Sanya Juu nilipiga hodi nyumba ya kwanza. Mama mmoja alitoka akifuta mikono, nikamwuliza kama amenunua chumvi.

"Tumenunua, karibu ndani," alisema. "Ng'ombe wameipenda mno, hawaachi kulamba."