Pilau ya Kumuaga Sajini

Majirani wa Mikindani wamekwisha kula pilau ya kumuaga sajini mara tatu, na bado yumo jeshini. Jeshi likimlipia karo ya kozi moja, naye hudaiwa miaka mitatu zaidi ya utumishi. Miaka hiyo ikikaribia kwisha, huyo keshajiandikisha kozi nyingine. Jumwa, jirani anayemwazima sufuria kubwa kila sherehe, humwona jioni barazani akisoma wima kama yuko gwarideni, kidole kikifuata mstari, midomo ikinong'ona. Hata karatasi zake za mtihani huzipiga pasi.

Jumamosi hii, pilau ya shahada na ya kumuaga tena ikiwa bado motoni, Jumwa alimkuta nyuma ya nyumba amechuchumaa, anajaza fomu juu ya goti. Sajini akaifunika upesi kwa bereti, kama mtoto aliyefumwa akiiba sukari.

“Si ulisema unaacha kazi, Sajini? Na mkeo kule Kaloleni, aliyekwisha kukujengea banda la kuku?”

“Naacha, dada. Nimalize tu hii ya uzamili.”

Watu walipokwisha kula, Jumwa aliisugua sufuria yake ikang'aa, akaiacha palepale jikoni kwa sajini.