Cheti cha Friji ya Gikundamvura

Clarisse Cubaka analala Bukavu na anatafutia maisha Cyangugu, ng'ambo ya mpaka, Rwanda. Kila asubuhi ya kazi anavuka daraja kwa miguu, anaonyesha kibali chake, anapanda hadi kwenye ofisi ya shirika dogo lenye zahanati sita. Huko anatunza kompyuta, na zaidi ya kompyuta, anatunza friji za chanjo. Usicheke. Kila friji ina kisanduku kinachopeleka habari ya baridi yake kwenye seva ya Cyangugu kila dakika tano. Baridi ikipungua, simu ya Clarisse inalia kama mtoto mwenye njaa.

Ila kisanduku hakizungumzi na seva yoyote tu. Kwanza kinadai cheti cha kidijitali cha seva, na cheti kina tarehe ya mwisho, sawasawa na kibali cha kuvukia mpaka. Afisa wa darajani anaweza kukujua wewe, mama yako na bibi yako, lakini tarehe ikipita, hupiti.

Kukibadilisha cheti kunataka subira. Unaanza kwa kuvizoeza visanduku vyote cheti kipya wakati cha zamani bado kinafanya kazi. Vikishakijua vyote, ndipo unakiweka kwenye seva. Ukigeuza mpangilio, friji zinanyamaza, na friji iliyonyamaza haimpigii mtu simu.

Clarisse aliyajua hayo kwa uchungu. Miaka miwili kabla, kwa haraka zake, aligeuza mpangilio. Muuguzi wa zahanati ya Gikundamvura, Primitive, alimpigia: "Maman Clarisse, taa ya kisanduku imekuwa nyekundu." Naye akajibu, bila hata kuinua macho: "Haina shida, itarudi yenyewe." Haikurudi. Friji ikazimika, chanjo zikatupwa, na Jumatatu Primitive akasimama mlangoni akiwarudisha bamaman na watoto wao, waliopanda na kushuka vilima tangu alfajiri. Mmoja wao hakurudi tena na mtoto wake. Hakuna aliyejua kwa nini, na kutojua huko ndiko kulikomla Clarisse.

Tangu hapo Primitive hakupiga simu. Ukimwandikia, anajibu: "Nimeona." Basi.

Sasa cheti kingine kilikuwa kinaisha, Jumamosi saa sita mchana kamili. Visanduku vitano Clarisse alivimaliza akiwa ofisini kwake. Cha sita, cha Gikundamvura, kilikuwa kizee kikaidi, kisichokubali kitu kutoka mbali. Lazima uende na flashi, uichomeke kwa mkono wako. Na friji yenyewe ilikuwa imeshazimika mara mbili mwezi ule.

Angeweza kwenda wiki tatu kabla. Kila siku alisema kesho. Ukweli ni kwamba aliogopa uso wa Primitive. Mwishoni, Jumatatu ya wiki yenyewe, alimwandikia: "Nakuja Jumamosi asubuhi na flashi. Cheti kinaisha saa sita mchana."

"Nimeona."

Jumamosi akavuka daraja saa mbili, flashi ndani ya sidiria isije ikaanguka. Akasimama. Barabara tupu. Hakuna gari, hakuna moto hata moja, zile pikipiki za abiria, maduka yamefungwa. Na huko mbele watu wenye majembe.

"Yesu wangu," alisema kwa sauti.

Jumamosi ya mwisho ya mwezi. Umuganda, kazi ya pamoja ya lazima! Nchi nzima iko kwenye mitaro, na hakuna kinachotembea mpaka saa tano. Miaka saba anafanya kazi Rwanda, lakini Jumamosi huwa yuko kwake Bukavu anafua. Aliisahau kama muntu asiye na kichwa.

Alimkimbilia polisi. Akaeleza chanjo, batoto, cheti.

"Una karatasi ya ruhusa, Maman?"

"Sina."

"Ruhusa inaombwa mapema."

Alimkuta Jean Paul, mwendesha moto wake wa siku zote, ndani ya mtaro hadi magotini. "Jean Paul, nakuomba."

"Maman, nikiwasha moto sasa hivi, italala polisi pamoja na mimi. Ngoja saa tano."

Akapiga hesabu. Saa tano, na safari saa moja na nusu. Kuanzia saa sita, nusu saa nzima friji ile ingekuwa bubu. Akampigia Primitive. Simu ikaita mpaka ikachoka. Akapiga tena. Mara sita.

Saa tano ikafika, na mkutano wa umuganda ukaanza. Mzee mmoja akasimama kuzungumzia taka. Akamaliza, akakumbuka jambo lingine. Clarisse alitamani kumvuta koti. Saa tano na dakika ishirini ndipo Jean Paul alipovaa kofia yake.

"Kimbiza!"

"Maman, kona hizi hazinijui."

Walikuwa Bugarama, katikati ya mashamba ya mpunga, saa sita ilipofika. Alitazama simu yake. Mstari wa Gikundamvura ulikuwa umesimama: nyuzi tano, saa sita kamili. Baada ya hapo, kimya. Alilia nyuma ya mgongo wa Jean Paul, na upepo ukamsaidia kuficha.

Saa saba kasoro dakika kumi aliingia zahanati mbio.

Primitive alikuwa ameketi kwenye kigoda mbele ya friji. Miguu ina tope la umuganda mpaka kwenye vigimbi. Gotini ana karatasi. Clarisse aliisoma akiwa amesimama, akihema: *Saa 6.05, nyuzi 5. Saa 6.15, nyuzi 5. Saa 6.25, nyuzi 7, imezimika, nimeichomoa na kuichomeka. Saa 6.35, nyuzi 6. Saa 6.45, nyuzi 5.*

"Nimekupigia mara sita," Clarisse alisema.

"Simu iko nyumbani. Nimetoka mtaroni moja kwa moja."

"Nani alikuambia nitachelewa?"

"Wewe. Uliandika Jumamosi." Primitive alimtazama kwa mara ya kwanza. "Nikajua umesahau umuganda. Muntu anayelala Bukavu anasahau."

"Sasa kwa nini hukuniambia, dada yangu?"

"Ile mara nyingine nilikuambia."

Clarisse alipiga magoti, akachomeka flashi, akangoja. Taa ikawa kijani. Seva ya Cyangugu ikaitikia: nyuzi tano.

Hakuinuka. "Nisamehe," alisema, bado amekitazama kisanduku. "Uliniambia, na sikukusikiliza. Cheti hiki kinaisha baada ya miaka miwili. Siku ya kukibadilisha utaichagua wewe."

Primitive akaikunja karatasi yake, akaenda kwenye kalenda ya ukutani, akasimama akiitazama.

"Iwe Jumanne, mwezi mzima kabla hakijaisha," alisema. "Na ukipiga, simu yangu nitapokea."