Kura ya Mzee Marwa Dhidi ya Muungano

Mzee Marwa wa Sirari, mpakani upande wa Tanzania, hakusoma. Sahihi yake ni dole gumba. Mkewe Teresa ndiye aliyemsomea kila karatasi iliyoingia nyumbani, kwanza kule mpakani, kisha hapa Saint Paul, Marekani, walipoletwa na binti yao Valentina. Novemba Teresa akafariki. Amezikwa Inver Grove Heights, na tangu siku hiyo barua hulala mezani mpaka Valentina atoke kazini.

Mwezi Machi Valentina alimsomea tangazo kwenye simu. Wanafunzi wa Afrika Mashariki walikuwa na mdahalo Jumamosi mchana: je, Tanganyika, Kenya na Uganda, makoloni ya bwana mmoja, zilipaswa kuungana kuwa taifa moja kabla kila moja haijazoea bendera yake? Mgeni wa heshima: Bwana Dominic, ofisa uhamiaji mstaafu, aliyewahi kufanya kazi Sirari. Siku hizi anaishi kwa mwanawe Woodbury.

"Rudia jina," Marwa akasema.

Akarudia.

"Utanipeleka."

Jina hilo amelala nalo miaka karibu hamsini. Teresa alizaliwa Isebania, upande wa Kenya. Kutoka kwao hadi kwa Marwa ni mwendo wa kuvuta sigara moja. Mwaka sabini na saba Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, Tanzania ikafunga mpaka, na mwezi haujaisha mama yake Teresa akafa huko ng'ambo. Watu walimwambia apite porini kama wengine. Lakini Teresa alikuwa mtu wa karatasi. Akaenda kwenye kizuizi cha mpaka, Valentina mgongoni, akaomba kibali. Ofisa kijana, Dominic huyohuyo, akamwambia, "Kaa hapo barazani, mama, nakuletea."

Alikaa siku mbili. Alisikia vilio vya kwao ng'ambo ya kamba ya mpaka, akasikia vikinyamaza. Katika ukoo wake binti wa kwanza ndiye anayemwaga udongo wa kwanza kaburini. Udongo wa mama yake ulimwagwa na jirani. Baadaye mgambo mmoja akamwambia Marwa ukweli: ofisa hakuandika kibali chochote. Alicheka na wenzake kwamba mwanamke akikalishwa barazani, porini hapiti.

Tangu hapo Teresa alikuwa na neno moja. "Tungekuwa nchi moja, ningemzika mama." Alilisema jikoni, alilisema kanisani, alilisema hospitalini wiki ya mwisho.

Mdahalo ulifanyika katika ukumbi wa chini wa kanisa moja huko Roseville. Dominic alikuja na koti zuri la sufu, nywele nyeupe, akaanza kuamkia wazee kama inavyopasa.

"Shikamoo, kaka."

Marwa akatazama viatu vyake.

"Baba, amekuamkia," Valentina akanong'ona.

"Nimesikia."

Watu wakadhani masikio yameharibika. Dominic akatabasamu, akapita.

Faridah, mwanafunzi aliyeongoza, akaeleza utaratibu: wakishazungumza wote, kila mtu atasimama. Wanaotaka muungano ukuta wa kulia, wasiotaka wa kushoto. Moses, kijana wa Kampala, alikuwa mpinzani.

"Tungeungana na Wakenya," alisema, "saa hizi tungekuwa tunalipa kodi ya pango kwenye nyumba zetu wenyewe."

"Na nyinyi mngechelewa kulipa," Mkenya mmoja akamjibu kutoka nyuma. Ukumbi ukacheka.

Dominic akasimama. Alizungumza vizuri, yule mtu. "Kizuizi kile nilikishika kwa mikono hii. Niliona ndugu wakitengwa kwa kamba, nikasema wakubwa wetu walikosea, wangetuunganisha mapema. Lakini mwenye msiba sikumzuia hata mmoja. Hata mmoja."

Wakapiga makofi. Nusu ya ukumbi ilishaanza kutazama ukuta wa kulia.

Faridah akauliza kama kuna mzee mwenye neno. Marwa akainuka, mkono kwenye kiti.

"Yule mama wa siku mbili barazani. Ulimpa kibali?"

"Walikuja wengi, kaka."

"Huyu alifiwa na mama yake. Mgongoni alikuwa na mtoto. Mtoto ni huyu." Akamgusa Valentina begani.

Dominic akamtazama Valentina muda mrefu. Hakukana. "Amri ilitoka juu," akasema polepole.

"Na kucheka kulitoka juu?"



Faridah akaomba watu wasimame. Hakuna aliyejongea. "Mzee wangu, tuanze na wewe," akasema kwa adabu. "Upande gani?"

Marwa akaenda kushoto. Hatua zake hazikuwa za haraka, kila mtu alipata nafasi ya kuziona. Akaegemea ukuta. Moses akamfuata, kisha Mkenya wa nyuma, kisha safu kwa safu. Kulia wakasimama Dominic na msichana mmoja aliyekuwa anaandika kwenye simu, naye alipoinua macho akavuka.

Dominic akaja mpaka katikati ya ukumbi. "Kaka, kosa ni langu. Muungano umekosa nini?"

"Kutetewa na wewe."

Valentina alimfuata baba yake garini. Walipoingia barabara kuu ndipo akasema, "Mama angesimama kulia."

"Najua."

"Peke yake angesimama, Baba. Hata na yule mtu."

"Najua. Nitamwomba radhi mwenyewe."

Wakaenda hadi taa nyekundu ikawasimamisha.

"Ulimwona yule mtu akifunga koti tulipotoka?" Marwa akauliza.

Valentina akakaza macho kwenye taa.

"Vifungo vitatu," Marwa akasema. "Vyote vilimshinda."