Mgongo wa Ukili

Mimi Sikuzani wa Mabwerebwere, huku Kilosa, sikuomba kuingizwa kwenye kundi la watu. Mjukuu wangu Mwajabu ndiye aliyeniingiza, kwenye simu yake ya zamani aliyoniachia. Akasema, "Bibi, humu kina mama wanasuka, wanashona, wanafinyanga. Kila asubuhi unatuma picha ya ulichofanya. Utaacha kukaa bure."

"Nani kakwambia nakaa bure?"

Lakini tangu babu yake afe, miyaa yangu ya kusukia mikeka ilikuwa imekauka darini sijaigusa.

Kundi linaitwa Mikono Haikai. Mwenyekiti wake, Devotha, simjui sura. Kila kukicha anatuma sauti: "Shikamooni mama zangu, leo mikono imefanya nini?" Nikajiuliza, mtu anayekuamkia kila siku na hakuombi kitu, anatafuta nini? Na hao wanaosifu je? Unatuma kipande cha ukili, ule utepe wa miyaa unaoshonwa kuwa mkeka, kidogo kama kiganja, wanakumwagia maua. Mimi mtu akisifu sana kitu changu, nakificha.

Nikakificha. Nakshi yangu ni ya mama yangu, inaitwa njia ya kanga, yaani kanga yule ndege, na sijaona mwingine Kilosa anayeisuka. Kwa hiyo kila asubuhi nilisuka kidogo, nikaugeuza ukili, nikapiga picha ya mgongo wake, pale vikia vya miyaa vinapochomoza. Waone nimefanya kazi, uso wa nakshi wasiuone. Siku nisipotuma, Paulina wa Mikumi ananitafuta kwa lafudhi yake ya Kisukuma: "Mama Kilosa, shikamoo. Leo kimya, unaumwa?" Najibu marahaba, siumwi. Kisha nasuka, asipate cha kuuliza. Hivyo ndivyo mkono wangu ulivyorudia kazi, kwa kumkomoa yeye.

Asubuhi moja Paulina akatuma picha ya ukili wake mpya. Njia ya kanga. Akasema ni mkeka wa harusi ya binti yake.

Nilijitanda mtandio nikaenda Mikumi, nikaulizia mpaka kwake.

Nilimkuta nyuma ya nyumba yake, kanyoosha miguu, ukili mapajani. Mwanamke mnene, macho yanacheka. Akapiga goti. "Shikamoo mama."

"Marahaba. Mimi ndiye Mama Kilosa. Nakshi hiyo umeitoa wapi?"

"Kwako mama. Nilizikuza picha zako, nikafuata unyasi mmoja mmoja."

Hakupepesa jicho. Nilikuwa nimejiandaa kukabili uongo, sasa sikuwa na pa kushika.

"Kwa hiyo umeiba."

"Nilidhani unatufundisha. Wenzako wanaonyesha uzuri tu. Wewe kila siku unatuonyesha maungio."

Nilimtazama usoni nione kama ananidhihaki. Sikuona, lakini kutoona si kuamini. Nikamnyang'anya ukili niukague. Nikaugeuza huku na huku.

Njia ilikuwa imeelekea kushoto. Alikuwa amefuata mgongo kama ndio uso. Na kwetu, njia ya kanga ikielekea kulia ni mkeka wa bibi harusi. Ikielekea kushoto ni mkeka wa kulazia maiti. Kuugeuza huwezi, vikia vitamchoma anayelala.

Ningeweza kuaga. Hapo Mikumi nani angejua? Nakshi ya mama ingebaki yangu peke yangu, na mwizi angebaki na lake. Lakini binti wa watu angelala juu yake, na mimi ningejua.

"Fumua," nikamwambia.

"Kipande gani?"

"Wote. Huo ni wa maiti."

Akaweka kiganja mdomoni. Nikamweleza. Akakaa, akauangalia ukili, akaniangalia mimi. "Sasa mama, mbona picha zako..."

"Nilikuwa nawapa mgongo. Msiibe."

Akacheka mpaka akajifuta machozi. "Kumbe Mama Kilosa ni mchoyo hivi?"

"Ndiyo. Sogea huko nikae."

Nikamwanzishia upya, uso juu, kuelekea kulia, polepole aone vidole. Akikosea nampiga kofi mkononi.

Kesho yake Devotha akauliza mikono imefanya nini. Nikatuma uso wa ukili, kwa mara ya kwanza. Kidole gumba nilikiweka juu ya pindo, likafichika. Maana pindo ni jambo jingine, na huyo Devotha bado simjui sura.