Maandishi ya Chini ya Sinia

Mume wangu alikuwa mtu wa asidi na mimi nilikuwa mtu wa kostiki, na yeyote aliyesoma kidogo angetuonya tusioane. Yeye alichaji betri za magari kule Gungu. Mimi nilipika sabuni ya mawese uani kwetu Ujiji, nikiuza miche kwa mama ntilie na kwa kila mwenye nguo chafu. Harufu ya nyumba yetu ilijulikana mtaa mzima. Wageni hawakukaa sana, na sikumbuki kama tuliwahi kuwabembeleza.

Ilikuwa miaka ya wakimbizi. Watu wa ng'ambo ya mpaka waliingia kwa boti hadi Kagunga, wengine kwa miguu kupitia milimani, na baada ya muda kila nyumba ya Ujiji ilikuwa na shangazi mpya. Kirundi na Kiha ni ndugu wa tumbo moja, kwa hiyo aliyetaka kujiita Muha alijiita Muha na mambo yakaenda. Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta alikuwa mmoja wao. Alitoroka kambini akaja kukaa kwa mama yake mdogo, na akiulizwa kwao alisema Kalinzi, kijiji cha Waha upande wetu wa mpaka. Ukimuuliza Kalinzi ya wapi, alikuuliza kwanza wewe ni wa wapi. Nilimpenda kwa ajili hiyo.

Sasa, mume wangu alipitia chuo cha ufundi, na huko aliokota jambo moja ambalo halikumtoka kichwani: kwamba aluminiamu ukiitia kwenye asidi na kuipitishia umeme huota ngozi, na ngozi hiyo hunywa rangi. Asidi alikuwa nayo. Umeme alikuwa nao, siku ukiwepo. Rangi tulichemsha manjano ya pilau. Tukaanza kuwageuzia akina mama vifuniko vyao vya sufuria kuwa dhahabu, na Ujiji ikapata jambo la kuzungumza.

Kazi yenyewe ilikuwa na sehemu mbili. Ya umeme ilikuwa yake, nayo ilimfanya aonekane msomi. Ya kuandaa ilikuwa yangu, nayo ilinifanya nikohoe. Kifuniko kikiwa na mafuta, au hata alama ya kidole, rangi haishiki. Kwanza nilikisugua kwa jivu na limau, kisha nikakitumbukiza kwenye maji ya kostiki, ileile ya kupikia sabuni. Kilichemka mapovu, kikatoka kimepakwa weusi kama masizi, na hapo mume wangu alikichovya kwenye maji ya betri yaliyozimuliwa, weusi ukaondoka, chini yake pakawa peupe kama maziwa. Tangu hapo marufuku kukigusa kwa mkono mtupu. Alinifokea kuhusu vidole vyangu kuliko alivyowahi kunifokea kuhusu chumvi.

Kila mpika sabuni anajua kwamba kostiki na sufuria ya aluminiamu haviwekwi pamoja. Mimi nilijifunza kwa sufuria ya mama mkwe, mwezi wa kwanza wa ndoa. Nilimrudishia ikiwa na dirisha. Watu hudhani kung'arisha ni kuongeza kitu. Ni kupunguza. Kostiki haioshi uchafu, inakula aluminiamu pamoja na uchafu wake, na ukichelewa inaendelea kula.

Vifuniko vya majirani vilikuwa vyembamba na vya kupondeka. Nilitaka kitu kikubwa cha kujitambia, na macho yangu yalikuwa kwenye sinia la jirani. Lilikuwa la zamani, nene, la ukingo uliopinda vizuri, na alikuja nalo likiwa limefungwa mgongoni pale wengine walipofunga magodoro. Kilichonishangaza ni kwamba aliliazimisha ovyo. Harusi, matanga, ubatizo, hata kwa watu asiowajua, alilipeleka mwenyewe bila kuombwa. Sisi wengine tunachora alama kwenye vyombo ili virudi nyumbani. Lake lilikuwa na sentensi nzima chini, na bado alilitupa duniani kama hana haja nalo. Nilidhani anajionyesha, kwa sababu mimi ningekuwa najionyesha.

Nilimwomba siku tano. Ya sita alikubali.

"Chukua," alisema, "rakini chini usiguse."

Nikauliza kuna nini chini. Akalipindua mapajani akanieleza, bila haraka, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda sokoni. Maandishi yale aliyakwaruza mumewe kwa msumari, wiki waliyooana. Walipokimbia walipotezana njiani, yeye akaingia upande huu, mume hajulikani alipoingilia. Huenda yuko kambi nyingine. Huenda yuko njiani.

"Jina rangu niriacha kure," alisema. "Hapa mimi ni mutu wa Karinzi. Akija kuuriza jina, hapati mutu. Rakini maandishi haya anayajua. Hata mutu wa kwetu akiyaona harusini, atamwambia."

Basi ndiyo sababu ya ukarimu ule wote. Sinia lilikuwa linamtafuta mume. Niliona aibu kwa yale niliyokuwa nimemsema kisimani, nikaapa kwamba chini hapataguswa. Naliweka hapa wazi, ili nisije nikajitetea baadaye: nilijua.

Mpango wangu ulikuwa mzuri. Niliyeyusha mshumaa, nikayafunika maandishi kwa nta, maana kostiki haili nta. Niliyasoma mara moja tu, haraka, nta ikiwa tayari inadondoka: mali ya mke wangu. Nikacheka. Mwanamume wa kwetu angeandika jina la ukoo wake.

Tatizo lilikuwa kostiki. Kostiki mpya ikikutana na maji huchemka yenyewe bila moto, na mpika sabuni mwenye akili huikoroga leo akaitumia kesho. Mimi nilikuwa nimepika sabuni miaka minane. Lakini nilikuwa nimewaambia wanawake wawili waje jioni kuona dhahabu, kwa hiyo nikasubiri muda wa kukoroga uji, nikalitumbukiza sinia. Hapo hapo akaja mteja wa sabuni kulalamika kwamba miche yangu inapungua. Nilibishana naye mpaka nikamshinda. Ushindi ule ulichukua muda.

Niliporudi, nta ilikuwa inaelea juu kama mafuta ya supu. Nikalivuta sinia kwa koleo, nikalisuuza, nikalipindua. Chini palikuwa laini. Nilipapasa kwa kidole, sikujali tena alama za vidole. Hapakuwa na hata mkwaruzo mmoja.

Niliketi kwenye debe la mawese. Mume wangu alipokuja nikamwonyesha. Akaliangalia sinia, akaniangalia mimi, akasema nenda ukamwambie sasa hivi.

"Nitaandika upya," nikasema.

"Njia ya mwongo ni fupi."

"Basi tutafika mapema."

Alisema anajuta kuoa mtu anayekula maandishi ya watu, lakini aliniletea msumari. Mimi shuleni nilisifiwa mwandiko, na hilo nililikumbuka kwa furaha kuliko ilivyostahili. Nilipiga mistari miwili kwa kipande cha mkaa ili herufi zisipande milima, nikakwaruza polepole, MALI YA MKE WANGU, kila herufi imesimama wima kama askari wa gwaride. Nikaona nimemzidi mwenye kazi yake. Ndipo mume wangu akalichukua, akalisafisha upya, akalitia umeme, akalichovya kwenye manjano. Likatoka dhahabu juu na chini, pamoja na maandishi. Kusema kweli lilikuwa zuri, na nusu ya aibu yangu ikaisha kwa kulitazama tu.

Wale wanawake wawili walikuja, wakashika vinywa. Jirani alikuja nyuma yao. Hakutazama juu. Alilipindua.

Alikuwa anasoma kidogo, kwa kufuatisha kidole, na kidole kilikwenda mpaka mwisho, kikarudi mwanzo, kikaenda tena. Wale wawili wakaona hali si nzuri, wakakumbuka kwamba wameacha maharage jikoni.

"Nani ameandika?" akauliza.

"Si mumeo?" nikasema, kwa macho makavu kabisa.

Akanitazama vile mama anavyomtazama mtoto aliyelamba sukari na punje ziko mdomoni.

"Mume wangu hajui kuandika hivi. Yeye ariandika MARI. Ariandika MUKE. Mimi nirimucheka siku ire, nikamwambia umekosea, mwarimu wa shure arisema ni MALI." Hiyo L aliitoa kwa shida, ulimi ukitafuta pa kukaa. "Arikasirika, akarara bira kura."

Niliyasoma kwa macho yangu mwenyewe maandishi yale, na nilikuwa nimesoma ninachokijua badala ya kilichoandikwa.

"Huyu ameandika kama mwarimu," akaendelea, na machozi yakaanza kumtoka. "Mume wangu akiona hii, atasema nimeorewa na mwarimu. Atarudi arikotoka."

Ndipo nikalia. Nilimweleza yote, nta, kostiki, mteja wa sabuni, na wale wanawake niliowaalika kuja kunisifu. Nilimwomba radhi kwa Kiswahili, na Kiswahili kilipoisha nikamwomba kwa Kiha. Alinyoosha mkono, akaokota ule msumari pale nilipouacha, akauweka kiganjani mwangu.

"Sasa kosea," akasema.

Mume wangu alisimama mlangoni na kutuambia kwamba ngozi ile ikikwaruzwa rangi haitarudi, patabaki peupe. Jirani akamwambia paache pawe peupe.

Akaniinamia begani akanielekeza. L niipe tumbo na mguu iwe R. Ule mguu wa chini wa L ya zamani haukuwa na pa kwenda, ukabaki ukining'inia. U niibane katikati ya M na K, ndogo, kwa sababu mwalimu aliyeandika, yaani mimi, hakuiachia nafasi. Sijawahi kupatia jambo lolote maishani kwa makini niliyotumia kukosea siku ile. Nilipomaliza, maneno yalikuwa ya dhahabu na makosa yalikuwa meupe, yanaonekana kutoka mbali.

Alilitazama sana. Kisha akacheka kwa pua, machozi bado yako shavuni.

"Kosa rake ririkuwa baya zaidi," akasema, "rakini ataerewa."

Jumamosi iliyofuata palikuwa na harusi ya watu wa Kagunga. Hakuna aliyemwomba sinia. Nilimwona akipita mbele ya nyumba yetu amelikumbatia kifuani, maandishi yakiwa upande wa nje, na alitembea katikati kabisa ya barabara.