Daftari la Pasi na Mashuti

Mwaka ule Kombe la Dunia lilipochezewa Ufaransa, mwenye duka wa senta yetu alinunua televisheni ndogo isiyo na rangi, akaiunganisha na betri ya gari na kuiweka juu ya magunia ya chumvi. Sisi tulikaa kwenye kreti za soda. Nilikuwa mwalimu wa hesabu katika shule ya msingi, sijaoa, naishi na mama yangu kwenye shamba letu la chai kati ya Kericho na Bomet. Wenzangu walikuwa wanatazama mpira. Mimi nilichokiona ni maandishi yaliyotokea kwenye kioo wakati wa mapumziko: timu hii imemiliki mpira kwa asilimia fulani, ile imepiga mashuti kadhaa, na kati ya hayo ni machache tu yaliyolenga goli. Mwili ulinisisimka. Nilikuwa nimependa mpira tangu utotoni na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba unaweza kuhesabiwa, ukiacha mabao.

Timu yetu wenyewe ilikuwa ya kituo cha kununulia majani chai, yaani lile banda la mabati ambako wakulima wadogo walipeleka majani yapimwe, kisha wakasubiri lori la kiwanda. Uwanja ulikuwa nyuma ya banda, na ulikuwa umeinama kiasi kwamba kipa wa lango la chini alifanya kazi mara mbili ya mwenzake wa juu. Pande tatu zilikuwa chai tupu. Mpira ukiingia kwenye chai, timu zote mbili ziliutafuta pamoja, maana ulikuwa mmoja.

Kocha alikuwa fundi wa baiskeli, mtu wa makamo mwenye sauti nzito. Wengi wetu Wakipsigis ulimi hauoni tofauti kubwa kati ya P na B, na ulimi wa kocha haukuona tofauti yoyote. Akitaka mtu atoe pasi, alipaza sauti, "Basi! Basi!" Sisi wenyeji tulimwelewa. Lakini beki wetu wa kushoto alikuwa kijana Mkisii, mchuma chai katika shamba kubwa la jirani, na katika mechi zake za kwanza kila aliposikia "basi" alisimama, akaweka mguu juu ya mpira, akamtazama kocha ili ajue amekosa nini.

Jumamosi moja nilikwenda uwanjani na daftari la hesabu la viboksi, kalamu mbili na rula. Nilikuwa nimechora safu: pasi zilizofika, pasi zilizopotea, kugusa mpira, kunyang'anya mpira, mashuti yaliyolenga goli, mashuti yaliyokwenda kwenye chai. Kila mchezaji alikuwa na mstari wake. Kipindi cha kwanza kilikwenda vizuri. Cha pili ukungu ukashuka, nikawa sioni hata mstari wa katikati. Nikamwomba shabiki mmoja aende asimame upande wa juu, awe ananipigia kelele kinachotokea huko.

"Imeingia!" akasema baada ya muda.

Nikaandika goli, nikalitia duara. Mechi ilipokwisha ndipo nilipopata habari kwamba iliyoingia ni ng'ombe. Kwetu huko juu ng'ombe na mpira vilitumia sarufi moja, vyote "imeingia", na mimi mwalimu nilikuwa sijawahi kuona hasara yake mpaka siku hiyo.

Jumatatu jioni nilipeleka majani ya mama kituoni. Lori lilikuwa limechelewa kwa sababu ya matope, na watu walikuwa wamekaa juu ya vikapu vyao bila la kufanya. Nikatoa daftari, nikawasomea. Mwanzoni walisikiliza kwa adabu tu, kama wanavyosikiliza matangazo ya kanisani. Nilipofika kwa straika wakasogeza vikapu karibu.

Huyo straika alikuwa kinyozi wa senta, kijana mrefu, mtanashati, aliyepaka nywele mafuta kabla ya mechi. Alipendwa na kila mtu, nami pia nilimpenda. Daftari lilisema kwamba katika mechi nzima aligusa mpira mara kumi na moja, na nne kati ya hizo aliugusa kwa mkono.

"Haiwezekani," akasema mzee mmoja. "Huyo kijana hucheza sana. Mimi humwona."

"Unamwona akitembea, mzee," nikamwambia. "Hilo sikuwa na safu yake."

Kisha nikasoma mstari wa beki wa kushoto, ambaye hakuna aliyekuwa amemtaja hata siku moja. Pasi zake karibu zote zilifika. Alikuwa amenyang'anya mpira mara nyingi kuliko wachezaji watatu wakijumlishwa. Watu walitazamana. Mama mmoja, jirani yetu, aliuliza ni yupi huyo, na alipoelezwa akasema alidhani yule ni mshika kibendera.

Kuanzia hapo Jumatatu ikawa siku ya daftari. Watu walikuja na majani mapema ili wasikose. Akina mama wakaanza kuleta maombi yao. Mmoja alitaka nihesabu ni mara ngapi nambari nane hutema mate, kwa kuwa alikuwa anamchumbia binti yake. Nikahesabu. Uchumba uliahirishwa.

Wiki ya tatu nywele zangu zilikuwa zimekua, na kinyozi katika senta alikuwa mmoja. Nikakaa kwenye kiti chake, akanifunga kitambaa shingoni, akanyoa upande wa kulia taratibu. Alipomaliza upande huo akaweka mashine chini, akavuta kibao, akakaa mbele yangu.

"Mwalimu," akasema, "sasa nieleze hiyo mara kumi na moja."

Nilijitazama kwenye kioo. Nilikuwa nafanana na watu wawili walioonana kwa bahati mbaya. Nikamweleza kwamba daftari halina chuki na mtu, linaandika kilichotokea.

"Na nikikimbia wakanifuata mabeki wawili, mwenzangu akabaki peke yake akafunga, hiyo umeandika wapi?"

Sikuwa nimeiandika popote. Nikakubali, kwanza kwa sababu ya kichwa changu, halafu kwa sababu niliona ana haki. Nikamwahidi safu mpya: kukimbia bila mpira. Akasimama, akawasha mashine, akamalizia upande wa kushoto. Hata alinipaka mafuta.

Nilidhani hapo nimeboresha mambo. Kumbe wachezaji wote walikuwa wanalisoma daftari, na kila mmoja alikuwa ameshajua safu inayomfaa. Kinyozi akaanza kukimbia bila mpira. Alikimbia mpira ukiwa umetoka, alikimbia wenzake wakifunga kamba za viatu, na siku moja alikimbia mpaka nyuma ya banda na kurudi. Mabeki waligundua kwamba pasi ya hatua mbili ni pasi kama nyingine, wakawa wanapeana wao kwa wao. Kipa, ambaye kazi yake ilikuwa kulinda geti la kiwanda, alikuja nyumbani kuniuliza kwa nini mstari wake una alama chache. Nikamwambia hajaokoa mashuti mengi kwa sababu mabeki hawaruhusu yapigwe. Akatikisa kichwa polepole, akashukuru, akaenda. Laiti ningemwita arudi.

Fainali ya kombe la tarafa tulicheza na timu kutoka upande wa Londiani, wakulima wa viazi, watu wenye mapaja mazito waliofika wamevaa sweta juu ya jezi. Zawadi ilikuwa fahali mwekundu, naye alifungwa kwenye mti karibu na kona ili kila mtu amwone. Nusu ya watu wa kituo walikuja. Mama yangu hakuja, alikuwa na ng'ombe wa kukama, na mpira hakuwahi kuutazama maishani mwake.

Tulicheza vizuri ajabu, kwa mujibu wa daftari. Mabeki wetu walipeana pasi mpaka viboksi vya ukurasa vikaisha, nikaanza kuandika pembeni. Wale wa Londiani walisimama tu wakatutazama, kama watu wanaosubiri mvua ikatike. Kinyozi aliletewa mpira akiwa peke yake na kipa wao. Uwanja mzima ukasimama. Yeye akaupiga nyuma.

"Kwa nini hubigi?" kocha akamuuliza kutoka kando.

"Nikikosa, asilimia yangu itashuka," akajibu, akaanza kukimbia bila mpira.

Kipindi cha pili mtu mmoja wa viazi aliupiga mpira mrefu, bila mpango wowote, na mwenzao akaukimbilia. Beki wetu wa kushoto alikuwa ameshamfikia, anataka kuuondoa, ndipo nikamsikia kipa wetu akisema kwa sauti ya mamlaka, ile ya getini, "Mwache apige. Huyo ni wangu."

Yule kijana alikuwa mtiifu. Akamwacha. Yule wa Londiani akapiga, mpira ulikuwa na matope, ukateleza mikononi mwa kipa, ukapita katikati ya miguu yake na kuingia golini polepole sana. Kipa akanitazama mimi, si kocha.

Kocha alichanganyikiwa, akapaza sauti, "Basi! Basi!" Safari hii hata wenyeji walisimama. Tukafungwa la pili.

Fahali alipandishwa kwenye lori la viazi. Sisi tukarudi kwa miguu. Nilitembea nyuma kabisa, daftari limefichwa ndani ya koti, na katika mstari wa kumiliki mpira tulikuwa tumewashinda vibaya sana. Nilipofika nyumbani mama aliniuliza matokeo.

"Wamefunga ngapi?"

"Mbili."

"Nyinyi?"

"Sisi tulimiliki mpira zaidi."

Akaniangalia muda mrefu, akanimiminia chai. Nadhani alifikiri nimepata homa.

Jumapili baada ya ibada kocha alikuja nyumbani. Nilitarajia ugomvi, nikampa kiti kizuri. Akanywa kwanza mursik yake yote, maziwa yetu ya mgando ya kibuyu, akafuta mdomo.

"Mwalimu, hiyo daftari yako haina makosa," akasema. "Makosa ni kwamba hawa watu walianza kucheza na wewe, wakaacha kucheza na Londiani."

Nikamwambia ninaweza kulichana. Akakataa. Alisema Jumamosi ijayo tuna mechi ya kirafiki, nambari nane ana jino bovu, na mimi nitacheza mahali pake. Kipa atapumzika, atakaa kando na kalamu.

Nilicheza dakika ishirini. Dakika ya tatu nilijua kwamba uwanja ule, ambao nilikuwa nimeutazama miezi mingi, ulikuwa mlima. Mpira ulikuwa mzito kuliko ulivyoonekana. Niliwaza pasi nzuri, lakini miguu ikafanya jambo lingine. Mara moja nilipata nafasi ya kupiga goli, na moyo wangu ukaanza kufanya hesabu yenyewe: nikikosa itaandikwa. Nikatoa pasi nyuma. Kinyozi alicheka mpaka akakaa chini, na hilo pia kipa aliliandika.

Jumatatu kituoni ni yeye aliyesoma, kwa sauti ile ile ya getini. Nilikuwa nimegusa mpira mara mbili, nimeanguka mara tano, na nimeomba maji mara tatu, safu ambayo aliibuni mwenyewe. Watu walifurahi kuliko wakati wowote. Yule mzee aliyekuwa akimtetea kinyozi alinipa mkono akasema sasa anaanza kuamini takwimu.

Baada ya hapo sikusoma tena hadharani. Niliendelea kuhesabu, lakini nilihesabia nyumbani, kwa kukumbuka, na wachezaji wakarudia kucheza ovyo kwa furaha kama zamani. Kinyozi akafunga mabao mawili dhidi ya watu wa Chepseon, moja kwa goti. Mashuti aliyokosa siku hiyo ninayo mpaka leo na sijamwonyesha mtu.

Siku moja alifika nyumbani mtu mwenye koti la mvua, aliyesimamia timu ya shamba moja kubwa la chai. Alikuwa amesikia kuna mwalimu ana daftari. Akaniuliza kuhusu yule beki wa kushoto, kama ni kweli yanayosemwa. Nikampa kurasa zake zote. Alizisoma amesimama mlangoni, mvua ikidondoka kutoka ukingo wa kofia yake, akauliza tu kama nilizijaza mwenyewe. Nikamwambia ndiyo, isipokuwa siku za ukungu.

Mwezi uliofuata kijana alichukuliwa. Walimpa nafasi kwenye timu, na kazi ndani ya kiwanda, mahali pakavu, penye joto la mashine za kukausha chai, badala ya kuchuma kwenye mvua na mfuko wa plastiki umefungwa kiunoni. Alikuja kuaga akiwa na mkungu mzima wa ndizi aliousafirisha kutoka kwao, ameubeba begani tangu barabarani. Mimi sikuwepo, nilikuwa shuleni. Alimkuta mama, akamwamkia vizuri, akaushusha mkungu jikoni, akakataa hata chai kwa sababu zamu ilikuwa inaanza.

Niliporudi mama alikuwa anamenya ndizi. Akaniuliza huyo mtoto mwenye adabu ni nani. Nikamwambia ni mchezaji wetu wa mpira.

"Anacheza vizuri?" akauliza.

Nikaanza kumweleza: pasi zilizofika, mipira aliyonyang'anya, na jinsi alivyokuwa akipanda na kushuka ule mteremko dakika tisini bila kulalamika. Mama alimenya ndizi zote akinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanituma kisimani.