Nilivyojifungulia kwa Mukecuru wa Muhima

Sindano ya cherehani ilivunjika asubuhi nikiwa katikati ya sketi ya shule, nikanuna. Ulikuwa mwaka wa tisini na mbili, shule zilikaribia kufunguliwa, na chumba chetu cha Gitega, mjini Kigali, kilikuwa kimejaa vitambaa vya buluu hadi juu ya kitanda. Mimi na mume wangu sote tulikuwa mafundi. Yeye alishona suruali na makoti kwenye baraza la duka moja mjini. Mimi nilibaki nyumbani na sare za watoto, kwa kuwa mimba yangu ilikuwa imemaliza mwezi wa nane.

Kununa kwangu hakukuwa kwa ajili ya sindano tu. Miaka miwili kabla ya hapo nilizaa mtoto wa kiume ambaye hakulia. Tangu siku ile, kila jambo dogo lililokwenda kombo nililiona kama ishara kwamba Mungu amenipa mgongo. Niliswali, nilifunga Ramadhani, lakini moyoni nilikuwa nimesusa.

Duka la jirani halikuwa na sindano za cherehani yangu. La pili lilikuwa limefungwa, mwenyewe amekwenda msibani. Ikabidi nipande hadi Muhima, polepole, mkono kiunoni. Huko nikapata sindano, na kibunda cha uzi mweupe wa pamba nilichokitia mkobani kwa sababu tu kilikuwa mbele ya macho yangu.

Nilipogeuka kurudi, mvua ikashuka, ya kwanza tangu kiangazi. Njia ya udongo ikawa utelezi mtupu. Niliogopa kuanguka, nikajibanza chini ya upenu wa nyumba moja ya mabati, maji yakinirukia miguuni. Nikasema kimoyomoyo, hata hili, Mungu?

Mlango ukafunguliwa. Alikuwa mukecuru, kama tunavyomwita bibi mzee kwa heshima, mwembamba, amefunga kitenge, rozari shingoni.

"Ingia, mwanangu," akasema kwa Kiswahili cha Kigali. "Hapo iko mvua mingi."

Nilipoinua mguu kuvuka kizingiti, nikahisi maji ya uvuguvugu yakishuka mapajani. Nilidhani ni mvua. Yeye alitazama sakafu, kisha akanitazama usoni.

"Mimba iko na miezi ngapi?"

"Nane imekwisha."

"Ni ya kwanza?"

"Ya pili. Wa kwanza hakulia."

Alinishika mkono, akanilaza kwenye mkeka, akaweka sufuria ya maji jikoni. Aliporudi alikuwa ameosha mikono hadi viwikoni. Akaniambia kwamba alizalisha wanawake miaka mingi katika zahanati ya masista huko kaskazini, karibu na mpaka. Vita vilipofika kijijini kwao alikimbia na nguo alizovaa. Alikuwa na wiki mbili tu katika nyumba ile, kwa mpwa wake, ambaye wakati huo alikuwa kazini.

"Usiogope," akasema. "Mimi ninajua hii kazi."

Uchungu ulikuja haraka kuliko nilivyoukumbuka. Hapakuwa na wa kumtuma, hapakuwa na gari, na mvua ilipiga mabati kwa nguvu kiasi kwamba alilazimika kuniinamia sikioni ili nimsikie. Wakati fulani aliniambia, "Sasa usisukume. Pumua tu." Nikaona uso wake umebadilika. Kitovu kilikuwa kimemzunguka mtoto shingoni mara mbili. Vidole vyake vilikwenda taratibu, bila pupa, kama mtu anayefungua fundo asitake kuchana kitambaa.

Mtoto akatoka. Alikuwa wa rangi ya zambarau, ametulia. Mukecuru alimfyonza ute kwa mdomo wake mwenyewe, akautema, akamsugua mgongo kwa taulo, akampiga nyayo kwa kidole. Nikafumba macho. Nilijua ukimya ule.

Nilipoyafumbua niliona kinywa cha mtoto kimefunguka wazi, lakini sikusikia kitu isipokuwa mabati.

"Analia?" nikauliza.

Akanilazia mtoto kifuani, akauchukua mkono wangu na kuuweka kwenye mgongo ule mdogo. Ulikuwa ukitetemeka. Nilikisikia kilio cha binti yangu kwa kiganja kabla sijakisikia kwa masikio.

Kitovu tulikifunga kwa uzi wangu wa pamba, baada ya yeye kuuchemsha.

Mvua ilipopungua, jirani mmoja wa mukecuru alikwenda kumwita mume wangu. Alifika ameloa chapachapa, mwavuli mkononi, hakukumbuka kuufungua. Alimwadhinia mtoto sikioni, na mukecuru akasimama kando, kichwa ameinamisha, rozari ya shingoni ameikamata kwa mkono, mpaka adhana ikaisha. Kisha akasema, "Amina," akaenda kutuchemshia uji.

Siku ya saba alikuja Gitega kumtazama mtoto. Nilikuwa nimepanga la kumwambia. Nikamwambia kwamba Mungu aliivunja sindano, akalifunga duka, akashusha mvua, akamtoa yeye kijijini kwake, yote ili binti yangu aishi. Nilidhani atafurahi. Aliweka kikombe chini.

"Ya mvua nakubali," akasema. "Lakini nyumba yangu ilichomwa na watu, mwanangu. Hiyo usimtwike Imana, Mungu wetu. Yeye alinipa tu mlango wa kufungua siku ile."

Niliona aibu. Lakini maneno yale yalinisaidia kuliko hotuba nyingi nilizowahi kusikia. Niliacha kumtafuta Mungu katika kila baya, na nikaanza kumwona katika mambo niliyokuwa nikiyapita: jirani anayebisha hodi na bakuli la maharage bila kuombwa, bomba linalorudisha maji wakati nepi zimeisha, mume wangu anayerudi salama kabla ya askari kufunga njia usiku. Nilianza kusema asante kwa sauti, hata peke yangu.

Mwaka uliofuata mpwa wake alihamia Bukavu, ng'ambo ya mpaka, na mukecuru akaenda naye. Mwaka wa tisini na nne ulipofika, yaliyotupata katika mauaji yale, wengine wameyaeleza vizuri kuliko ninavyoweza. Sisi watatu tulibaki. Wengi walio bora kuliko sisi hawakubaki, na sijui kwa nini. Nashukuru bila kujifanya najua.

Baada ya vita, mfanyabiashara mmoja aliniletea salamu kutoka Bukavu. Mukecuru alikuwa mzima, magoti tu yalimsumbua, na alitaka kujua kama mtoto anakula vizuri. Nikamwambia yule mfanyabiashara apeleke jibu kwamba anakula, na kwamba ni mkaidi sana, na akilia mtaa mzima unasikia.